Uyoga wa Kichuguu

Ewe msomaji, kama umezaliwa Bungoma au kandokando ya Kitale, bila shaka umeuona uyoga ukichomoza juu ya kichuguu baada ya mvua za kwanza za masika. Jana jioni palikuwa na udongo mtupu. Leo asubuhi pana miavuli myeupe isiyo na idadi. Waluhya wengi huuita obwoba. Wajaluo huuita obuolo, Wakikuyu makunu, na Waganda, walio ng'ambo ya Mlima Elgon, huuita obutiko. Tena wanao ukoo mzima uitwao Butiko, ambao watu wake hawauli kabisa kwa kuwa ndio mwiko wao. Kitu kilichopewa majina mengi namna hii na mataifa jirani hakikuwa kitu cha kupita njiani.

Nia ya insha hii ni kueleza asili ya uyoga huo, jinsi ulivyoliwa katika nchi yetu ya magharibi, na kwa sababu gani watu wa nchi nyingi, tangu zamani hata leo, wamedai kuwa si chakula tu bali pia ni dawa. Madai hayo si mchezo. Sokoni mwetu leo uyoga mkavu uliosagwa huuzwa katika vifuko kwa watu wenye ugonjwa wa sukari, wenye presha, na hata wenye saratani. Mgonjwa anunuaye kifuko hicho huweka maisha yake juu ya neno la muuzaji. Kwa hiyo nakuomba ukae kama hakimu akaavyo barazani: usikie madai yote, lakini uulize ushahidi.

Kwanza tujue uyoga ni nini. Wataalamu wa zamani waliuhesabu kuwa mmea, kwa sababu wauona umesimama ardhini wala hautembei. Lakini mmea hujipikia chakula chake kwa nuru ya jua, na uyoga hauwezi kazi hiyo. Uyoga hula vilivyokwisha kutengenezwa na wengine: majani makavu, magogo, samadi. Kwa hiyo siku hizi kuvu huhesabiwa kuwa ufalme wa peke yake, mbali na mimea na mbali na wanyama. Tena mwavuli tuuchumao si mwili wa uyoga bali ni tunda lake. Mwili wenyewe ni nyuzi nyembamba mno zilizotandaa ndani ya udongo au ndani ya mti unaooza. Fikiri juu ya mwembe uliozikwa wote chini ya ardhi, ukatokeza embe zake tu juu mara moja kwa mwaka. Ndivyo ulivyo uyoga.

Sasa twende kichuguuni, maana hapo ndipo penye ajabu.

Mchwa wa vichuguu vikubwa hawawezi kumeng'enya vizuri miti na majani makavu wayabebayo usiku. Basi hufanya nini? Huyatafuna, wakayapitisha tumboni upesi, kisha mavi yao huyajenga ndani ya vyumba vya kichuguu kama masega ya nyuki. Juu ya masega hayo huota kuvu ya namna moja tu, nayo huyalainisha yale magumu yaliyowashinda mchwa. Baada ya majuma machache mchwa huyala masega yaliyokwisha kuiva. Kichuguu chenyewe kimejengwa kwa matundu na njia za hewa, na joto la ndani halipungui wala halizidi sana nyuzi 30 za Selsiasi, usiku na mchana. Hii si nyumba tu. Ni shamba lenye ghala. Mvua zikifika, kuvu ile hutoa tunda. Shina lake hupenya udongo mgumu kutoka masegani hadi juu, mara nyingine zaidi ya nusu mita, ndipo mwavuli ukafunguka mbele ya macho yetu. Yupo na ndugu yake mdogo, mwenye kofia ndogo kama kifungo cha shati, aotaye kwa mamia mahali ambapo mchwa wameyatoa nje masega yao wakayatandaza.

Twajivunia sana kwamba binadamu alivumbua kilimo, yapata miaka 10,000 iliyopita. Mchwa watucheka. Mwaka 2016 wataalamu walitangaza kwamba katika bonde la Rukwa, kusini magharibi ya Tanzania, wamepata masega ya mchwa yaliyogeuka mawe, na umri wake ni miaka milioni 25. Desturi yenyewe ya mchwa kulima kuvu hudhaniwa ilianza hapa hapa Afrika, yapata miaka milioni 30 iliyopita. Kabla hapajawa na mtu wa kuuchuma, uyoga wa kichuguu ulikuwapo, na mkulima wake alikuwapo.

Wazungu walianza kuandika habari hizi baadaye sana. Mwaka 1781 Mwingereza Henry Smeathman, aliyekuwa amekaa Sierra Leone, alieleza habari za mchwa wa Afrika mbele ya wanachuoni wa London. Mwaka 1942 Mfaransa Roger Heim aliipa jamii hii ya uyoga jina la kitaalamu, Termitomyces, maana yake uyoga wa mchwa. Mwaka 1977 David Pegler alitoa kitabu kikubwa cha uyoga wa Afrika ya Mashariki kutoka bustani ya Kew, na mwaka 1980 yeye na mwenziwe Piearce wakaeleza uyoga wa Zambia ambao kofia yake yaweza kufika upana wa mita moja. Mtoto mdogo aweza kujikinga mvua chini yake. Mwaka 2003 nako Helsinki kilitoka kitabu cha uyoga wa Tanzania, kazi ya Marja Härkönen na Tuomo Niemelä wakishirikiana na Leonard Mwasumbi wa Dar es Salaam. Nakitaja hicho kwa heshima ya pekee, kwa sababu waandishi wake walikwenda vijijini wakawauliza wanakijiji majina na matumizi ya kila aina, wala hawakudhani kwamba elimu huanza pale mtaalamu anapofungua daftari lake.

Na elimu hiyo ya vijijini ilikuwa kubwa. Katika nchi ya Waluhya kichuguu kilikuwa mali, nacho kilikuwa na mwenyewe. Mwenye kichuguu alikuwa na haki ya kumbikumbi warukao wakati wa mvua, na mahali pake pa uyoga palijulikana. Mama na watoto waliamka mapema, kwa kuwa uyoga ukichelewa kuchumwa huingiwa na funza, na jua likipanda hulegea. Walijua kichuguu kipi hutoa uyoga gani na katika mwezi gani. Ulipikwa mbichi kwa chumvi ya majivu ya maganda ya maharagwe, ukaungwa kwa maziwa, karanga au ufuta, ukaliwa kwa ugali wa wimbi. Uliobaki ulitandazwa juani mpaka ukakauka kabisa, ukawekwa akiba kwa siku za ukame.

Sharti tukumbuke jambo moja katika historia ya sehemu hizi. Nchi ya Trans Nzoia, ambayo Kitale ndio mji wake, ilikuwa nchi ya malisho kabla ya walowezi wa Kizungu kuja. Mji ulianza mwaka 1908. Baada ya Vita Kuu ya kwanza askari wengi wa Kiingereza walipewa mashamba huko, na mwaka 1926 reli ya kutoka Eldoret ikafika Kitale ili kuchukua mahindi. Mmoja wa walowezi hao, Luteni Kanali Hugh Stoneham, alikusanya wadudu, ndege na vitu vya kale, akafanya nyumba ya makumbusho. Hiyo ndiyo asili ya Makumbusho ya Kitale, ambayo ilipata jengo lake jipya mwaka 1974, baada ya kufa kwake. Wadudu walipata mtu wa kuwaandika. Uyoga haukupata.

Trekta na kichuguu havipatani. Anayetaka kulima ekari mia kwa jembe la chuma huvisawazisha vichuguu, humwua malkia, na masega yote hufa pamoja naye. Kwa hiyo mahali palipokuwa na mashamba makubwa ya mahindi uyoga ulipungua, na mahali palipobaki na mashamba madogo, vichaka na malisho, kama sehemu nyingi za Bungoma, uliendelea kuota. Baada ya uhuru familia nyingi za Wabukusu zilipata ardhi katika mashamba yaliyokatwa ya Trans Nzoia. Huko waliweza kupanda mahindi bora kuliko popote nchini, kwa kuwa kampuni ya mbegu ya Kenya ilikuwa imeanzishwa Kitale mwaka 1956, na mbegu chotara iitwayo 611 ilitoka mwaka 1964. Walipata magunia, walipoteza vichuguu. Sijui kama kulikuwa na njia ya kupata vyote viwili, lakini ni haki tuweke hasara hiyo katika hesabu, maana mara nyingi vitabu huandika magunia peke yake.

Utauliza, hasara gani? Uyoga ni maji matupu! Ni kweli kwamba katika uyoga mbichi, sehemu tisa katika kumi ni maji. Wale wasemao kuwa uyoga ni sawasawa na nyama husema kwa kupita kiasi: gramu 100 za uyoga mbichi huwa na protini gramu 3 hivi, na nyama ya ng'ombe ya uzito huo yapata gramu 20. Lakini fadhili ya uyoga iko pengine, na ili uielewe, yakubidi ujue kisa cha mahindi.

Mahindi yalitoka Amerika. Wenyeji wa Meksiko, walioyalima kwanza, huyachemsha pamoja na chokaa kabla ya kuyasaga. Wageni walioyachukua mahindi kwenda nchi nyingine hawakuichukua chokaa. Mwaka 1735 tabibu Gaspar Casal aliona katika Hispania ugonjwa mgeni miongoni mwa maskini wala mahindi: ngozi ilibabuka palipopigwa na jua, tumbo likaharisha, mwisho akili zikapotea. Ugonjwa huo ni pelagra. Mwanzoni mwa karne ya ishirini uliwaua maelfu katika majimbo ya kusini ya Marekani. Wengi walisema ni ugonjwa wa kuambukiza, lakini Daktari Joseph Goldberger, aliyeanza kuuchunguza mwaka 1914, alishikilia kwamba wagonjwa wamekosa kitu fulani katika chakula chao. Mwaka 1937 Conrad Elvehjem alionyesha kitu hicho ni niasini, mojawapo ya vitamini za kundi la B. Ndani ya mahindi niasini imo, ila imefungwa. Tumbo haliwezi kuifungua, na chokaa ndiyo ifunguayo.

Na uyoga ni miongoni mwa vyakula vya shambani vyenye niasini nyingi. Gramu 100 tu za uyoga chaza mbichi, ule ulimwao siku hizi, zina miligramu 5 hivi, na mtu mzima huhitaji 14 hadi 16 kwa siku. Basi mtu alaye ugali wa mahindi asubuhi, mchana na jioni hupata katika kibakuli cha uyoga jambo ambalo ugali umemnyima. Wala si hilo tu. Ndani ya uyoga mna kitu kiitwacho ergosteroli. Kikipigwa na jua hugeuka kuwa vitamini D, ambayo huijenga mifupa. Mama aliyetandaza uyoga wake juani juu ya ungo alitaka usioze. Kumbe alikuwa akitengeneza vitamini. Mafuta yake ni haba, na wanga wake ni kidogo, kwa hiyo hata mwenye ugonjwa wa sukari aweza kuula bila hofu.

Hapa yafaa tusimame kidogo. Kusema kwamba mwenye sukari aweza kuula si kusema kwamba utamponya. Maneno haya mawili hutenganishwa na bonde pana, na wachuuzi wengi huliruka bonde hilo kwa neno moja tamu.

Tamaa ya kuufanya uyoga dawa ya kila ugonjwa ni ya zamani sana. Mwaka 1991 katika milima ya Alps ilipatikana maiti ya mtu aliyehifadhiwa na barafu kwa muda wa miaka ipatayo 5,300. Kati ya vitu vyake vilikuwamo vipande viwili vya uyoga wa mti, vimefungwa katika ukanda wa ngozi. Tumboni alikuwa na minyoo, na wataalamu hudhani uyoga ule ulikuwa dawa yake. Mgiriki Dioscorides, katika karne ya kwanza, aliusifu uyoga mmoja mgumu wa mitini kwa magonjwa mengi hata msomaji hujiuliza ni ugonjwa gani uliosalia. Nao Wachina waliutukuza uyoga uitwao lingzhi, mgumu kama ubao, usioliwa bali huchemshwa, wakauandika katika vitabu vyao vya dawa kuwa huongeza umri.

Je, yote hayo ni ndoto? La, si yote. Nitakueleza kisa cha Mjapani mmoja, Akira Endo, aliyezaliwa mwaka 1933 katika mkoa wa Akita, nchi ya wakulima. Babu yake alimfundisha habari za uyoga wa porini. Kulikuwa na uyoga mmoja uliomshangaza mtoto huyu: huua nzi, lakini mtu akiula hadhuriki. Wengi wetu tungecheka tukaendelea kula. Yeye alijiuliza ni kitu gani ndani yake. Baadaye alisoma habari za Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928 kutoka katika ukungu ulioota ndani ya kisahani chake, akaazimia kutafuta dawa katika jamii ya kuvu. Akaajiriwa na kampuni ya dawa. Kuanzia mwaka 1971 yeye na wenzake walipima kuvu zipatazo 6,000, moja baada ya moja, wakitafuta moja tu iwezayo kuuzuia mwili usitengeneze kolesteroli kupita kiasi, yale mafuta yazibayo mishipa ya moyo. Sita elfu, msomaji! Mwaka 1973 waliipata, nayo ilikuwa ukungu wa samawati ulioota katika mchele wa duka moja mjini Kyoto. Kutokana na kazi hiyo ilianza jamii ya dawa ziitwazo statini. Ya kwanza kuruhusiwa kuuzwa, lovastatini, ilitolewa katika ukungu mwingine, nayo ilipata ruhusa Marekani mwaka 1987. Mamilioni ya watu humeza dawa za jamii hiyo kila siku. Endo alifariki mwaka 2024, akiwa na miaka tisini.

Sasa sikiliza neno la kupendeza. Katika miaka ya tisini wataalamu waliikuta lovastatini ile ile ndani ya uyoga chaza. Wachuuzi huipenda sana habari hii, nami siwalaumu, kwa kuwa ni kweli. Lakini hawasemi kwamba kiasi chake ni kidogo, hubadilika kutoka uyoga mmoja hadi mwingine, na hakuna apimaye katika kifuko cha sokoni. Kidonge cha hospitali kimepimwa. Bakuli la mchuzi halikupimwa. Aliyeandikiwa kidonge akakitupa kwa ajili ya bakuli amebadilisha kitu kinachojulikana kwa kitu kisichojulikana.

Hali kadhalika habari ya saratani. Mwaka 1969 Goro Chihara na wenzake huko Japani walitoa katika uyoga uitwao shiitake, ambao Wachina waliupanda katika magogo tangu enzi za nasaba ya Song, kitu walichokiita lentinani. Kilipotiwa ndani ya panya wenye uvimbe, uvimbe ulipungua. Mwaka 1985 serikali ya Japani iliruhusu kitumike kwa wagonjwa wa saratani ya tumbo. Angalia masharti yake: lentinani ilitolewa kwa sindano, si kwa sufuria; ilitolewa pamoja na dawa kali za saratani, si badala yake; na kazi yake ilikuwa kuyaamsha majeshi ya mwili yapiganayo na maradhi. Ndani ya uyoga tulao mna vitu vya jamii hiyo, viitwavyo beta-glukani, na ni jambo la busara kudhani kwamba vina faida kwa afya. Lakini kutoka panya hadi sindano, na kutoka sindano hadi kifuko cha unga sokoni, ni safari ndefu. Mwanafunzi mmoja aliniuliza darasani, kama uyoga hauponyi, mbona wengine husema wamepona? Nilimjibu kwa swali: je, walikuwa wameacha dawa zao za hospitali, au walikuwa wakizimeza zote mbili? Darasa lilinyamaza, na nadhani ukimya ule ulikuwa na manufaa kuliko hotuba yangu.

Lipo na upande wa pili, nao ni sumu. Mwaka 54 Kaisari Claudius wa Roma alikufa baada ya karamu, na waandishi wa kale husema mkewe Agrippina alimtilia sumu katika sahani ya uyoga, ili mwanawe Nero apate kutawala. Mwaka 1740 Kaisari Karl wa Sita alikufa mjini Vienna, na ilisemwa sana kwamba alikula uyoga mbaya. Kifo chake kilileta vita vya kurithi ufalme vilivyodumu mpaka mwaka 1748. Uyoga uuao sana huko Ulaya una hila ya kutisha. Mtu huula saa ya chakula cha jioni, akalala salama. Baada ya saa sita hadi kumi na mbili, au zaidi, huanza kutapika na kuharisha. Kisha hupata nafuu, jamaa zake wakamshukuru Mungu. Na katika siku zile zile za nafuu ini lake laharibika. Kwa hiyo anayeumwa baada ya kula uyoga wa porini apelekwe hospitali mara moja, hata kama amepata nafuu, na mabaki ya uyoga ule yachukuliwe pamoja naye.

Watu wana vipimo vyao: kwamba uyoga ulioliwa na funza au konokono ni salama, kwamba wenye sumu huigeuza sarafu ya fedha kuwa nyeusi, kwamba chumvi huua sumu. Vipimo hivi vyote ni vya uongo, na vimezika watu. Katika nyasi za Afrika ya Mashariki huota uyoga mmoja mkubwa mweupe, mzuri wa sura, ambao ukikomaa upande wa chini wa kofia yake huwa na rangi ya kijani. Watu huuona karibu na nyumba wakadhani wamepata ule wa kichuguu, nao huwatapisha usiku kucha. Tena miti ya kigeni, kama mipaini iliyopandwa katika misitu ya serikali, ilikuja na uyoga wake wa kigeni chini yake. Elimu ya bibi zetu ilikuwa kamili kwa vichuguu walivyovijua kwa majina. Lakini uyoga wa mipaini hawakuachiwa habari zake na mama zao. Kizazi cha leo kimo katika hatari mbili: kimesahau nusu ya elimu ya zamani, na mbele yake pana uyoga usiokuwamo katika elimu hiyo.

Kwa sababu hiyo wengi wameona ni heri kulima. Uyoga chaza, ambao Watanzania huuita mamama, una kofia yenye umbo la gamba la chaza, nao ulianza kulimwa Ujerumani mwaka 1917, wakati wa njaa ya vita, na mtaalamu aitwaye Falck, juu ya visiki vya miti. Hautaki samadi wala ardhi kubwa. Katika Bungoma, nchi ya miwa, ambako kiwanda cha sukari cha Nzoia kilianzishwa mwaka 1975, makapi ya miwa hufaa. Kitale hufaa mabua ya ngano, magunzi ya mahindi na maganda ya maharagwe. Makapi hulowekwa, hupikwa kwa mvuke ili kuua kuvu nyingine, hupoa, kisha hutiwa katika mifuko pamoja na mbegu, ambayo ni nyuzi za uyoga zilizooteshwa juu ya punje za nafaka. Mifuko hukaa gizani majuma kadhaa mpaka yote imekuwa myeupe. Hapo hupasuliwa, chumba hunyunyiziwa maji na kupewa hewa, na baada ya siku chache uyoga hutokeza. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, huko Juja, hufundisha kazi hii na kutoa mbegu. Ukiifanya, funika pua na kitambaa wakati wa kuchuma, kwa sababu vumbi la uyoga chaza huwaletea watu wengine kikohozi kibaya.

Ila uyoga wa kichuguu wenyewe umekataa. Wataalamu wamezichukua nyuzi zake, wakazilisha katika visahani vyao, zikakua. Lakini kuzifanya zitoe mwavuli shambani, kwa wingi wa kuuza, hakuna aliyeweza. Mchwa huwapo na mvua huwapo, na lipo jambo kati yao lisilopatikana katika maabara. Kwa hiyo uyoga huo huuzwa bado kama ulivyouzwa zamani, kwa mafungu madogo juu ya majani ya mgomba, kando ya barabara, wakati wa mvua, na mwenye kuuza huwa ameutoa katika kichuguu ambacho jembe halijakifikia.